Nani Mwenye Jina la Nyota? Kuifumbua biashara ya burudani ya Japani

Mwaka 2013 Rena Nonen alikuwa kama binti wa kila nyumba Japani. Kwa miezi sita, kila asubuhi isipokuwa Jumapili, runinga ya taifa NHK ilirusha dakika 15 za tamthilia ya Amachan, naye ndiye aliyekuwa yule msichana anayetoka Tokyo kwenda kwa bibi yake, pwani ya kaskazini, kujifunza kupiga mbizi. Miaka mitatu baadaye, Julai 2016, alijitokeza hadharani akiwa na jina jipya: Non. Hakulichukua kwa mbwembwe za kisanii. Ofisi iliyokuwa ikimsimamia ilishikilia kwamba hawezi kufanya kazi kwa jina la Rena Nonen bila ruhusa yake. Na Rena Nonen halikuwa jina la jukwaani. Ni jina alilopewa na wazazi wake.

Tunaoitazama burudani ya Japani kwa mbali tunaona rangi, katuni, vikundi vya vijana wanaocheza kwa mpangilio usiokosea hatua. Kisha inatufikia habari ya kashfa iliyofichwa miaka hamsini, tunashangaa: nchi yenye magazeti mengi, mahakama huru na runinga kila chumba, ilifichaje jambo kubwa hivyo? Wengi hujibu kwamba ndio utamaduni wao, wakaishia hapo. Jibu hilo halielezi kitu. Utamaduni una mitambo yake: nani anamlipa nani, nani anamdai nani, nani anamlea nani. Nitajaribu kuifungua mitambo hiyo, na nitasema mapema ninachokiamini. Katika Japani nyota hauzwi kama msanii aliyekwisha kukamilika. Anauzwa kama mtoto anayekua. Ofisi ndiyo mlezi, na shabiki hununua fungu lake katika malezi hayo. Yanayopendeza katika biashara hii yanatoka hapo, na yanayotisha yanatoka hapo hapo.

Mzizi wake ni mrefu. Mwaka 1603 mwanamke aitwaye Okuni alikuwa akicheza ngoma mpya mjini Kyoto, watu wakajaa kumtazama. Ndio mwanzo wa kabuki, maigizo ya jadi ya Japani yenye ngoma na nyimbo. Mwaka 1629 watawala walipiga marufuku wanawake jukwaani, kwa hoja ya kulinda maadili. Nafasi yao ikashikwa na wavulana, nao wakapigwa marufuku mwaka 1652 kwa hoja ile ile. Wakabaki wanaume watu wazima, ambao hadi leo ndio wanaoigiza hata sehemu za wanawake. Zama hizo waigizaji waliitwa kawaramono, watu wa kando ya mto, maana walipiga kambi kwenye kingo zisizotozwa kodi, na katika ngazi za jamii hawakuwa na kidato. Mtu asiye na hadhi mbele ya dola huhitaji nyumba ya kumsitiri, na nyumba ndizo zilizojengeka. Ukoo wa Ichikawa, wa waigizaji wa kabuki, una jina la Danjuro linalopokezanwa. Anayelibeba sasa ni wa 13, alilipokea Novemba 2022 kwa sherehe kubwa. Jina hilo si lake. Ameazimwa na nyumba, na siku moja atalirudisha.

Mitaa ya geisha, wanawake watumbuizaji, ilikuwa na nyumba zake pia, okiya. Binti aliingia akiwa mdogo, nyumba ikamlisha, ikamfundisha kupiga shamisen, kinanda cha nyuzi tatu, na kucheza, ikamnunulia kimono za bei ya kutisha, na kila senti ikaandikwa. Mwenye nyumba aliitwa mama. Jina la kazi lilibeba herufi moja kutoka jina la dada yake mkubwa wa nyumba. Wajapani wana neno on, yaani fadhila uliyotendewa ambayo inakuwa deni shingoni. Fadhila ya mzazi, ya mwalimu, ya mwajiri: hulipwa kwa utii, na pengine hailipiki ikaisha. Ukilikumbuka neno hilo, mengi yatakayofuata hayatakushangaza.

Ofisi za kisasa zilizaliwa baada ya vita. Majeshi ya Marekani yalijaa Japani kuanzia 1945, na kambi zao zilitaka muziki kila jioni. Wapiga jazi wa Kijapani walikuwa vibarua. Walisubiri stesheni wachukuliwe kwa malori kupelekwa kambini, leo kazi ipo, kesho haipo. Mwaka 1955 Shin Watanabe, mpiga besi, na mkewe Misa walianzisha kampuni ya Watanabe Productions na wakaja na jambo lililokuwa geni: kumlipa mwanamuziki mshahara wa mwezi. Lilikuwa jambo la heri. Kibarua wa stesheni akawa mfanyakazi. Lakini aliyekubali mshahara alikubali pia kwamba kinachozalishwa ni cha nyumba. Kampuni ikashika haki za rekodi, ikashika haki za nyimbo, ikatengeneza vipindi vya runinga yenyewe kwa kutumia watu wake yenyewe.

Hapa ndipo Japani na Hollywood zinapoachana, na tofauti hii ndiyo wengi wanaikosa. Kule Marekani msanii ndiye anayemwajiri wakala. Wakala huchukua fungu lake, kwa mazoea asilimia 10, na akizembea anaachishwa. Japani mambo yamepinduka: ofisi, kwa Kijapani jimusho, ndiyo inayomchukua msanii. Inamlipia masomo ya kuimba, pengine pango la nyumba na nauli, inamtafutia kazi, inapokea malipo, kisha inampa yeye mshahara au mgawo. Kuna wasanii ambao kwa miaka hawakuwahi kusaini hata karatasi. Yoshimoto Kogyo, kampuni ya vichekesho iliyoanza Osaka mwaka 1912 na kukua kuwa kubwa kuliko zote, ilipokumbwa na kashfa mwaka 2019 ndipo umma ulipotambua kuwa sehemu kubwa ya wachekeshaji wake maelfu hawakuwa na mkataba wa maandishi. Viongozi waliielezea kampuni kuwa ni kama familia. Na kwenye familia, nani husaini mkataba?

Sasa tuje kwenye aidoru, yaani nyota kijana wa nyimbo na runinga, kutoka neno la Kiingereza idol, maana bila yeye hadithi haijakaa sawa. Neno lenyewe lilishika kasi mwaka 1964, filamu ya Kifaransa aliyocheza mwimbaji Sylvie Vartan ilipofika Japani. Mfumo wenyewe ulijengwa na runinga. Kuanzia 1971 hadi 1983 kituo cha Nippon TV kilikuwa na shindano la vipaji liitwalo Star Tanjo. Vuta picha ya fainali yake. Msichana wa miaka 13 au 14 amesimama jukwaani, ameshamaliza kuimba. Mbele yake wamekaa wanaume wa ofisi na makampuni ya rekodi, kila mmoja na kibao chenye jina la kampuni. Anayemtaka huinua kibao. Vikiinuka vingi, binti analia kwa furaha. Kisipoinuka hata kimoja, anainama, anashukuru, anarudi kwao, na taifa zima limemwona. Momoe Yamaguchi alipita hapo akiwa mwanafunzi. Akawa nyota mkubwa kuliko wote wa kizazi chake, na mwaka 1980, akiwa na miaka 21, aliimba mara ya mwisho ukumbi wa Budokan, akakiweka kipaza sauti sakafuni, akatoka kwenda kuolewa. Hakurudi tena.

Waliokuwa wakiinua vibao hawakuwa wakitafuta sauti bora. Sauti bora ilikuwa ya mwimbaji mtu mzima. Kwa aidoru walitafuta kitu kingine: uso wa mtoto ambaye taifa litapenda kumtazama akijaribu. Kijapani kina kitenzi ganbaru, kujikakamua bila kukata tamaa, na Wajapani huambiana neno hilo kila siku, kabla ya mtihani, kabla ya mechi, hospitalini. Aidoru anauza ganbaru. Akikosea hatua, shabiki hasikitiki kwamba amepunjwa kiingilio. Anasema, mwezi ujao nitaona amefika wapi. Korea Kusini, ambako nako kuna wanagenzi wanaolelewa na kampuni miaka mingi, huwaficha hadi waive. Japani huwapandisha jukwaani wakiwa wabichi, kwa sababu kuiva kwenyewe ndiyo bidhaa.

Hakuna aliyeifikisha mbali fikra hii kama mtunzi Yasushi Akimoto na kikundi chake cha AKB48. Tarehe 8 Desemba 2005 wasichana walipanda jukwaa dogo ghorofa ya 8 ya duka la bei nafuu mtaa wa Akihabara, Tokyo, ukumbi wa watu 250. Inasimuliwa kuwa siku ile watazamaji wa kawaida waliokata tiketi walikuwa 7. Ahadi ya kikundi ilikuwa moja: hawa ni aidoru unaoweza kwenda kukutana nao. Hawakai kwenye kioo tu. Njoo leo, njoo kesho, kaa mstari wa mbele, watakujua kwa sura.

Kisha ikaja biashara ya mkono. Ndani ya CD unakuta tiketi, na tiketi moja inakupa sekunde chache za kushikana mkono na msichana unayemtaka. Siku ya tukio ukumbi wa maonyesho unagawanywa vichochoro kwa vizuizi, kila kichochoro na jina la mmoja wao juu. Unapanga foleni, mara nyingine saa nzima. Unafika, unaonyesha viganja vyako viwili kuwa havina kitu, unasogea. Yeye ameshanyoosha mikono. Pembeni yako amesimama mfanyakazi mwenye saa, ambaye mashabiki humwita hagashi, mbanduaji. Sekunde zikiisha anakushika bega na kukubandua kama stempu. Una sentensi moja, labda mbili. Wengine huifanyia mazoezi kwenye foleni. Mwenye tiketi 10 anaweza kuzitoa zote kwa pamoja akapata muda wa mazungumzo. Na yule binti anayefanya kazi hii kutwa nzima, mikono mia kwa mia, anakumbuka: wewe ulisema una mtihani, vipi, umefaulu?

Msomaji wa pwani yetu asicheke haraka. Kwenye taarabu mtu huinuka kitini na noti mkononi, akacheza polepole hadi kwa mwimbaji, akamtunza mbele ya watu wote, na ile safari ya kwenda na kurudi ni sehemu ya raha. Mkono mtupu haulambwi. Tofauti ni kwamba Japani mkono umetiwa ndani ya bidhaa ya kiwandani, ukahesabiwa. Sheria ya huko inawaruhusu wachapishaji kupanga bei ya CD mpya na duka halina ruhusa ya kuipunguza, kwa hiyo bei ilibaki juu. Mashabiki walinunua nakala nyingi za wimbo ule ule kwa ajili ya tiketi. Na wakati dunia nzima ikiziacha CD, Japani ilibaki soko kubwa kuliko yote la muziki wa kushikika mkononi. Kuanzia 2009 hadi 2018 CD zilikuwa na kura pia. Mashabiki walichagua nani asimame katikati kwenye wimbo ujao, matokeo yakatangazwa moja kwa moja kwenye runinga, na mwaka wa mwisho kura zilipita milioni 3. Mwaka 2017 mtu mmoja huko Fukuoka alifikishwa kwa waendesha mashtaka kwa kutupa milimani CD 585 za kikundi hicho. Kura zilikuwa zimeshatolewa, na kwake plastiki ilikuwa ganda la ndizi.

Nawatetea mashabiki hapa, na ninafanya hivyo kwa moyo wote. Wanadhihakiwa sana, Japani kwenyewe na nje. Lakini kwa mtu anayetoka ofisini saa nne usiku, anayeishi peke yake chumba kidogo, ukubwa wa mikeka sita, kuwa na oshi, yaani yule mmoja uliyemchagua kumsukuma mbele, kunampa kalenda, kunampa wenzake, kunampa sababu ya kusafiri wikiendi. Anajua rangi ya oshi wake na huwasha taa ya rangi hiyo ukumbini. Anajua nani atalia kwenye wimbo wa mwisho. Mapenzi yale ni ya kweli. Ndiyo maana yeyote anayeyatumia vibaya ana kesi kubwa ya kujibu.

Na yametumiwa vibaya. Kama kinachouzwa ni ukaribu, basi mpenzi wa kweli wa binti huyo anakuwa hasara ya kampuni. Ofisi nyingi zikaweka kanuni ya kutokuwa na mpenzi. Mwishoni mwa Januari 2013 jarida la Shukan Bunshun lilichapisha picha za Minami Minegishi wa AKB48 akitoka nyumbani kwa kijana wa kiume. Siku hiyo hiyo video ilitokea kwenye chaneli rasmi ya kikundi: binti wa miaka 20, kichwa amekinyoa, anaomba radhi huku machozi yakimtiririka, anaomba asifukuzwe. Alisema aliamua mwenyewe kunyoa. Naamini aliamua mwenyewe, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alishajua adhabu ipi inatazamiwa kabla hajaambiwa na mtu. Mahakama nazo hazikukubaliana. Septemba 2015 mahakama ya wilaya ya Tokyo ilimwamuru aidoru wa zamani aliyekuwa na miaka 17 alipe takriban yen 650,000 kwa kuvunja kanuni hiyo. Januari 2016, miezi minne tu baadaye, mahakama hiyo hiyo ilikataa dai kama hilo, ikisema kupenda ni sehemu ya haki ya mtu kuitafuta furaha yake.

Upande wa hatari nitaupita upesi, maana ni wa damu. Mei 2014, huko Iwate, mtu mwenye msumeno aliwajeruhi wasichana wawili wa AKB48 na mfanyakazi mmoja kwenye hafla ya kushikana mikono. Tangu hapo ndipo pakawekwa vitambua chuma na ule ukaguzi wa viganja.

Upande wa wavulana ulikuwa na nyumba moja iliyozifunika nyingine zote. Johnny Kitagawa alizaliwa Los Angeles mwaka 1931, akafika Tokyo na kufundisha timu ya besiboli ya watoto, na mwaka 1962 akaanzisha kampuni ya Johnny & Associates. Dada yake Mary alishika fedha. Walichukua wavulana tangu wakiwa na miaka kumi na kitu, wakawaita Junia, wakawafanya wacheze nyuma ya vikundi vikubwa hadi siku ya kupata kikundi chao. Kikundi cha SMAP kilitoka huko, cha Arashi kilitoka huko. Mvulana wa Junia hakuwa na mkataba, na hakuwa na tarehe ya kujua lini atapanda. Aliyeamua ni mtu mmoja. Mtu huyo hakuwaita watoto kwa majina. Kila mmoja alimwita kwa neno moja la Kiingereza, "You". Kwa miongo mingi hadithi hiyo ilisimuliwa kwenye vipindi vya vichekesho kama kituko cha mzee mpendwa.

Mwaka 1999 Shukan Bunshun lilianza mfululizo wa makala likieleza kuwa Kitagawa anawanyanyasa wavulana kingono. Kampuni ilishtaki. Julai 2003 Mahakama Kuu ya Tokyo ikaona kwamba sehemu muhimu ya madai hayo ni kweli, na mwaka 2004 Mahakama ya Juu ikaikataa rufaa. Tafadhali soma tarehe hizo tena. Kuanzia 2004 jambo hili lilikuwa limeamuliwa na mahakama, kwenye kumbukumbu za umma, mtu yeyote angeweza kulisoma. Vituo vya runinga karibu vyote vilikaa kimya, na wavulana wakaendelea kupelekwa. Kitagawa alipofariki Julai 2019, akiwa na miaka 87, kumbukumbu yake ilifanyika uwanja wa Tokyo Dome na waziri mkuu akatuma salamu za rambirambi.

Ukimya ule haukuhitaji njama. Kituo kinachotaka kijana maarufu kwenye tamthilia kilipewa pia mwenzake mchanga wa kipindi cha asubuhi. Kilichokataa mmoja kilijua kitawakosa wote. Kampuni za majarida zilitegemea kalenda na picha za kampuni hiyo. Udhibiti ulikuwa mkali kiasi kwamba hadi 2018 ukifungua tovuti ya jarida lenye nyota wao jaladani, ulikuta kivuli cha kijivu chenye umbo la mtu: uso ulikuwa wa karatasi tu, mtandaoni ulifutwa. Waandishi wa burudani waliishi kwa kukaribishwa ukumbini. Na kuna sheria pia. Hadi 2017 kosa la kubaka katika sheria ya Japani lilimtambua mwanamke peke yake kuwa mwathirika. Mvulana aliyefanyiwa hivyo hakuwa na jina la kisheria la kuliita lililompata. Wazazi walikuwa wamempeleka wenyewe, kwa furaha. Mlezi alimpa kila kitu. Funika kombe mwanaharamu apite; na kila mtu alikuwa na kidole chake juu ya kombe.

Nguvu ya nyumba ilionekana waziwazi usiku wa Januari 18, 2016, kwa aliyetaka kuona. SMAP walikuwa kikundi kipendwa kuliko vyote, vijana wa zamani sasa wenye miaka karibu 40. Wanne kati ya watano walikuwa wameripotiwa kutaka kuondoka na meneja aliyewalea. Kipindi chao wenyewe, SMAP×SMAP, kikakatwa katikati kwa matangazo ya moja kwa moja: wanaume watano wamesimama mstari, suti nyeusi, nyuma yao pazia. Mmoja mmoja wakaomba radhi kwa kusababisha usumbufu. Tsuyoshi Kusanagi akashukuru kwamba mwenzake Takuya Kimura, aliyeripotiwa kuwa ndiye aliyebaki upande wa kampuni, amewapatia nafasi ya kumwomba msamaha bwana Johnny. Watu wazima, mamilionea, wanaomba radhi mbele ya taifa kwa kutaka kubadili kazi! Mwaka ulipoisha kikundi kikavunjwa. Watatu walioondoka mwaka 2017 walitoweka karibu kabisa kwenye runinga kubwa, na Julai 2019 tume inayosimamia ushindani wa haki ikaionya kampuni kuhusu kushinikiza vituo visiwape kazi.

Kombe lilifunuliwa kutoka nje. Machi 2023 BBC ya Uingereza ilirusha filamu yake. Aprili, Kauan Okamoto, aliyewahi kuwa Junia, akazungumza kwa jina na uso wake katika klabu ya waandishi wa kigeni mjini Tokyo. Jopo huru liliripoti mwishoni mwa Agosti kwamba unyanyasaji ulidumu miongo mingi, na likataja bayana ukimya wa vyombo vya habari kuwa sehemu ya chanzo. Septemba 7 kampuni ilikiri, na Oktoba ikatangaza kuliacha jina la mwanzilishi. Ikaitwa Smile-Up, kazi yake ni kulipa fidia tu. Zaidi ya watu 500 wameshalipwa. Usiku wa mwaka mpya, NHK iliporusha tamasha lake la Kohaku linaloshindanisha timu nyekundu ya wanawake na timu nyeupe ya wanaume tangu 1951, hakukuwa na kikundi hata kimoja cha nyumba ile.

Kilichouvunja ukuta ule, kwa maoni yangu, ni mchanganyiko wa ujasiri wa wachache na hofu ya wadhamini. Kampuni za bia na za ndege zinazouza nje ya Japani sasa zinaulizwa kuhusu haki za binadamu na wawekezaji na wateja wa kigeni. Zilipoondoa matangazo, vituo vilipata ulimi. Jambo hilo hilo lilijirudia Januari 2025 kituo cha Fuji TV kilipoandamwa kuhusu namna kilivyoshughulikia tuhuma zilizomhusu Masahiro Nakai, kiongozi wa zamani wa SMAP. Wadhamini walikimbia, mkutano na waandishi ukachukua zaidi ya saa 10 hadi usiku wa manane, mwenyekiti na rais wakajiuzulu.

Chini kabisa, kwenye kumbi za ardhini zenye watu 30 au 50, maisha hayajabadilika sana. Huko wako chika aidoru, aidoru wa chini ya ardhi, wanaoishi kwa kuuza picha za papo hapo wakipiga na shabiki, mgawo wao ukiwa sehemu ya kila picha. Wengi ni wanafunzi na wahudumu wa maduka. Mtandaoni nako wako wanaotumbuiza nyuma ya kikaragosi cha kompyuta, tangu Kizuna AI alipojitambulisha mwaka 2016. Watu walitarajia kikaragosi kimkomboe msanii, maana mwili wake hauonekani. Lakini kikaragosi ni mali ya kampuni kuliko hata jina. Anayekiendesha akiondoka, "anahitimu", sura na sauti aliyoijenga vinabaki kwenye kabati la ofisi.

Sheria inasogea, polepole. Tangu Novemba 2024 sheria ya wafanyakazi wa kujitegemea inamtaka anayetoa kazi aandike masharti, hata kwa msanii. Mwaka 2025 serikali ilitoa mwongozo kwa ofisi za burudani, na ndani yake limo suala la majina: ofisi isimzuie bila sababu ya haki msanii aliyeondoka kutumia jina alilojulikana nalo.

Rena Nonen aliendelea kufanya kazi. Mwaka ule ule wa 2016 alitoa sauti ya mhusika mkuu katika filamu ya katuni kuhusu Hiroshima na Kure wakati wa vita, iliyopendwa mno; mashirika ya runinga yaliyomkwepa hayakuweza kumkwepa kwenye majumba ya sinema. Aprili 2025 alionekana tena, safari hii kwenye filamu ya Netflix, akiendesha treni ya shinkansen isiyoruhusiwa kupunguza mwendo. Majina ya waigizaji yanapita mwishoni, na lake bado limeandikwa kwa herufi zile zile chache: Non.